Kwa Nini Neno la Kuchekea Huja Mwisho

Wekeni chini mlivyoshika, na mwenye haraka aondoke sasa hivi, maana habari hii haisimuliwi kwa kukimbizwa. Na anayetaka kucheka asubiri. Nitamwambia wakati ukifika.

Hapo zamani, kabla bibi za bibi zetu hawajaota meno, watu walitaniana kama tunavyotaniana leo, ila mzaha wao ulikaa kichwa chini miguu juu. Neno la kuchekea lilisemwa kwanza. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akasafisha koo, akasema, "Mbuzi alikula kilemba cha bwana harusi!" Akacheka yeye mwenyewe, ili watu wajue kwamba hapo ndipo pa kuchekea, na watu wote wakaitikia kwa pamoja, "Haa! Haa! Haa!" Kisha wakatulia, naye akaanza kueleza mbuzi alitoka wapi, nani alimfunga, kamba ilikatikaje, na kilemba kiliwekwa wapi. Alieleza mpaka mwisho na hakuna aliyesikiliza. Wengine walisuka mikeka, wengine walisinzia.

Msiwacheke. Kwao kicheko kilikuwa heshima, kama maji anayopewa mgeni kabla hajaulizwa atokako. Ulimpa mtu kicheko chake, ukawa umemaliza wajibu wako. Lakini hakukuwa na mtu katika nchi ile aliyewahi kucheka mpaka akashika mbavu, na kwa kuwa hawakukijua kicheko cha namna hiyo, hawakukikosa.

Nchi yenyewe ilikuwa kavu. Mto wake ulipitisha maji kwa muda mfupi wa masika, na mwaka uliobaki ulikuwa mchanga mtupu, na aliyetaka maji ilimbidi ayachimbe. Ziliishi humo koo mbili. Watu wa Kibuyu walichunga ng'ombe na kugandisha maziwa. Watu wa Jembe walichimba visima katika mchanga wa mto, na kwa kuwa mikono yao ilishazoea, walichimba na makaburi. Koo hizi zilikuwa watani. Akifa mtu wa Kibuyu, watu wa Jembe ndio waliomzika, ndio waliopika matangani, na ndio walioingia ndani ya nyumba ya msiba wakakalia kigoda cha marehemu na kudai mkuki wake, wala hakuna aliyethubutu kuwakasirikia.

Haki hiyo ilikuja na miiko miwili. Wa kwanza, mtu wa Jembe hakuruhusiwa kulia. Ilisemekana kwamba chozi la mchimbaji likidondoka shimoni, udongo hautulii juu ya maiti. Wa pili, jina la marehemu halikutajwa na yeyote mpaka mwenye msiba alitaje kwa kinywa chake. Siku akilitaja, matanga yamevunjwa, watu wanafagia uwanja na kwenda zao. Wapo waliolitaja upesi. Wapo waliokaa nalo mwaka mzima. Na wapo ambao hawakulitaja kabisa, wakazikwa nalo mdomoni, na hao ndio waliokuwa wengi.

Sasa palikuwa na mtu wa Jembe aliyeitwa Chilongani. Alikuwa mtu mzima, mrefu wa mikono, mwenye udongo chini ya kucha usiotoka hata kwa mchanga na maji. Alipenda watu kuliko alivyojua kuwaonyesha, na njia pekee aliyoijua ilikuwa utani. Basi alitania kila mtu, kwenye njia, kisimani, hata makaburini, na watu walimpa haa-haa-haa yake, akaridhika.

Mwaka ule jua lilipita kiasi. Malisho yaliisha, na wanaume wa Kibuyu wakaswaga ng'ombe kwenda mbali, upande wa maziwa makuu, kutafuta majani. Miongoni mwao alikuwa mume wa mwanamke mmoja aitwaye Mbeleje. Alimwacha mkewe na mtoto mchanga wa kike, Sechelela, mziwanda wao aliyekuwa bado ananyonya, na kifungua mimba wao Ndalu, kijana aliyekwisha kuota ndevu chache anazozishikashika. Ndalu aliachwa ili asaidie kuchimba maji, kwani visima vilizidi kuwa virefu na watu wa Jembe hawakutosha. Alipangiwa kuchimba pamoja na Chilongani.

Walipatana wawili hao. Kutwa nzima walipeana maneno, mmoja chini shimoni, mwingine juu akivuta ngozi iliyojaa mchanga. Kisha siku moja, Ndalu akiwa chini na Chilongani akiwa juu, ukuta wa mchanga ukalegea ukateremka wote. Haukutoa hata kelele. Chilongani aliacha jembe kwa kuogopa kumjeruhi, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, na alipomfikia kijana alikuwa ameshakwisha. Akamtoa mchangani asubuhi, na kabla jua halijazama akamchimbia tena na kumrudisha, kwani hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya ukoo wake. Hakulia. Alisimama ukingoni mwa kaburi, amekaza meno, akahisi kitu kizito kimemkaa kooni na hakina pa kwenda.

Mbeleje naye hakulia, ingawa yeye aliruhusiwa. Aliketi juu ya ngozi, mgongo ukutani, akatazama mlango. Uji wa mtama ukaletwa, ukapoa, ukaondolewa. Alikuwa akiitwa Mama Ndalu tangu ujana wake, na kwa sababu ya mwiko hakuna aliyeweza kumwita hivyo tena. Watu walilazimika kulitafuta jina lake la usichana, "Mbeleje, kula kidogo," naye hakugeuka, kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Na hapa ndipo palipokuwa na jambo la kutisha. Mwanamke asiyekula hatoi maziwa. Mbuzi waliobaki kijijini walikuwa wamekauka, ng'ombe walikuwa mbali. Jirani mmoja aliyekuwa ananyonyesha alijaribu kumgawia Sechelela, lakini wake mwenyewe alikuwa akilia njaa. Mtoto alilia kwa nguvu mwanzoni. Baadaye akalia kwa sauti ndogo, na hii ndogo ndiyo iliyowaogopesha wanawake. Kila mtu mle ndani alijua kwamba mama asipokula, patachimbwa kaburi jingine, fupi, halafu la tatu.

Watani walifanya walichojua. Mkubwa wao, Mzee Lechipya, mtu wa kufuata desturi hatua kwa hatua, alisimama katikati ya nyumba akasema, "Kipofu aliamkia kichuguu akidhani ni mkwewe!" Akacheka. Watu wakaitikia, "Haa! Haa! Haa!" Kisha akaeleza kipofu alitoka wapi. Mbeleje hakugeuza hata shingo. Akafuata mwingine na mwingine. Chilongani naye alisimama, akatoa mizaha yake yote aliyoijua, ile mizuri na ile ya kubahatisha, na kila alipotamka neno la kuchekea aliona macho ya Mbeleje yanabaki pale pale mlangoni. Angejalije? Ameshaambiwa kila kitu. Mzaha umeshaisha kabla haujaanza, na kilichobaki ni maelezo tu, na mtu aliyefiwa na mwanawe hana haja ya maelezo.

Siku moja saa za adhuhuri watani walitoka kwenda mtoni, Chilongani akabaki peke yake na Mbeleje na mtoto. Sechelela alikuwa hajalia tangu asubuhi. Chilongani alimtazama, akaona utosi wake umebonyea, akashikwa na hofu ya kweli. Akapekua kichwani mwake kama apekuaye kapu tupu. Mzaha uliobaki ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa wa Ndalu. Ndalu mwenyewe alimpa, akamwapisha asimwambie mtu maadamu mama yake yu hai.

Kuusema hakukuwezekana. Kwa desturi angetakiwa aanze na neno la kuchekea, na neno lenyewe lilikuwa Ndalu. Angevunja mwiko ndani ya nyumba ya msiba, mbele ya mama. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha, kwa kuwa mlango wa mbele ulikuwa umezibwa, akapitia wa nyuma.

"Mbeleje," akasema, "unamkumbuka yule fisi?"

Nani asiyemkumbuka? Mwaka wa nyuma, jioni moja ya mvua kubwa, Mbeleje alisikia kitu kinapenya kwenye tundu la boma lake la miiba. Akatoka na mchi. Akakuta kiwiliwili chenye manyoya kinatambaa kwa magoti na mikono kuelekea mlangoni, naye bila kuuliza akakitandika mchi wa makalio, akakitandika tena, mpaka kikageuka na kutoroka kwenye tundu kwa kilio ambacho kijiji kizima kilikisikia. Tangu hapo Mbeleje alikuwa mtu wa sifa. Wanawake walimwimba kisimani. Wanaume walimpisha njiani.

Macho yake yalisogea kutoka mlangoni. Kidogo tu, lakini yalisogea.

"Basi fisi yule," Chilongani akasema, "mimi nilimwona kesho yake."

Kisha ikatoka sauti iliyokauka, ambayo watu hawakuwa wameisikia tangu mazishi.

"Ulimwona wapi?"

Chilongani alitaka kumjibu. Lakini neno lililofuata lilikuwa karibu mno na lile lisilosemeka, akababaika, macho yakaangukia bakuli la uji lililokuwa juu ya kigoda. Akalichukua akamsogezea. "Kunywa kwanza," akasema. "Nikishaona chini ya bakuli nitakwambia."

Mbeleje alikunywa kama mtu anayekunywa dawa, macho yake hayabanduki usoni mwa mtani. Alipomaliza, Chilongani alimwambia kwamba alimwona ng'ambo ya mto, penye vichaka vya migunga. "Halafu?" akauliza Mbeleje. "Halafu jioni," akajibu Chilongani, na akatoka nje upesi, akaegemea ukuta. Hakuelewa amefanya nini. Alielewa tu kwamba mtu anayengoja neno hafi kabla hajalisikia.

Kwa siku kadhaa ikawa hivyo. Aliuvuta mzaha ule kama watu wanavyouvuta uzi wa kusokota, kidogo kidogo, akiogopa usikatike. Alisimulia mvua ya jioni ile, tundu la boma lilivyokuwa, na jinsi alfajiri yake yeye na vijana wa kijiji walivyopewa mikuki wakamfuatilie fisi aliyejeruhiwa kabla hajageukia mbuzi. Alisimulia alama kwenye matope, jinsi fisi yule alivyokuwa akichechemea, na mahali alipojaribu kukaa juu ya jiwe akaghairi. Kila kipande kilikwenda na bakuli la uji, kisha ugali, kisha mboga. Mbeleje aliuliza, "Halafu?" Chilongani akasema, "Kula." Maziwa yalirudi kwa matone. Sechelela aliyapata, akapata nguvu ya kulia, na ikawa mara ya kwanza katika nyumba ile watu kufurahia kilio.

Lakini Chilongani hakuwa na furaha. Kadiri alivyosimulia ndivyo alivyomwona Ndalu. Katika simulizi kijana alikuwa angali huko kwenye vichaka, amelowa, anaumwa makalio, anapumua. Chilongani alijua kwamba siku atakayolitamka neno la mwisho, kijana yule atatoka vichakani na hatakuwa na mahali pengine pa kuwa. Usiku alijikuta akibuni vichaka vingine, na mito mingine ya kuvuka, ili tu safari isiishe.

Mzee Lechipya alizipata habari, akamwita pembeni.

"Wanasema unamtania mfiwa kwa mzaha usio na kichwa," akasema. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mzee."

"Neno la kuchekea liko wapi?"

"Liko mwisho."

"Mwisho!" Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa paa la nyumba limewekwa chini ya msingi. "Kwa hiyo unamning'iniza mama wa watu na msiba wake, hajui acheke au asicheke? Huo si utani, Chilongani. Huo ni ukatili."

"Anakula, mzee. Mtoto ananyonya."

"Na siku hadithi itakapokwisha?"

Swali hilo Chilongani alikuwa akijiuliza mwenyewe kila usiku.

"Kesho," akasema Mzee Lechipya, na sauti yake haikuwa ya ukali tena, ilikuwa ya uchovu. "Utalisema mbele yetu sote. Mtama wa msiba umebaki wa kuoshea chungu. Ukishindwa kulisema, toka kwenye nyumba ile na usirudi. Hatuwezi kumlea mtu kwa kumnyima kitu."

Kesho yake nyumba ilijaa. Watani walikaa upande mmoja, wanawake wa Kibuyu upande mwingine, na Mbeleje katikati na mtoto kifuani. Chilongani alisimama. Alisimulia upya tangu mwanzo, polepole, na watu waliokuwa wamezoea kusuka mikeka wakaacha mikono yao ikalala mapajani, maana hawakujua kinachokuja, na kutokujua kulikuwa jambo geni kwao.

"Nikawaacha wenzangu nyuma," akasema, "nikafuata alama peke yangu. Nikafika penye mgunga mmoja mkubwa, nikasikia mtu anaguna. Nikainama. Nikaona manyoya. Fisi amelala kifudifudi, hawezi kulala chali, hawezi kulala ubavu. Nikainua mkuki."

"Ukamchoma?" akauliza Mbeleje.

"Nikautunisha mkono hivi, nikavuta pumzi. Basi fisi akageuza uso, akaniambia..."

"Fisi hasemi," akadakia Mzee Lechipya, ambaye hakuwa na habari kwamba alikuwa amesogea mbele mpaka ukingoni mwa kigoda.

"Huyu alisema, mzee."

"Alisema nini?" akauliza Mbeleje. Alikuwa ameshika mkono wa Chilongani bila kujua.

Chilongani alimtazama. Akanyamaza kidogo zaidi, si kwa ufundi, bali kwa sababu alikuwa akimuaga mtu. Kisha akasema, kwa sauti ya kijana anayejikaza asilie:

"Akaniambia, 'Shusha mkuki, mtani. Na ukimkuta fisi wa kweli huko mbele, mwonye asipite kwetu. Mama anapiga!'"

Nyuso zilikuwa tupu. Halafu neno likafika. Lilifika kwa Mbeleje kwanza, akaachia mkono wa mtani, akainuka nusu, na akapaza sauti kwa ukali, kama mama aliyemfuma mwanawe kwenye chungu:

"Ndalu!"

Wote walilisikia jina. Hakuna aliyepata nafasi ya kushtuka.

"Ndalu wewe! Kumbe ni wewe! Ulikuwa kwenye ngoma niliyokukataza, ng'ambo ya mto! Na ile ngozi kuukuu ya baba yako ndiyo uliyojifunika mvua!" Akageukia wanawake, mikono kichwani. "Jamani, alirudi akaniambia ameangukia jiwe. Nikamkanda mimi mwenyewe! Nampaka samli, huku namsimulia nilivyompiga fisi! Namwonyesha na mchi! Naye ananiambia, 'Polepole, mama, fisi ameshakoma!'"

Na hapo kikatoka kicheko. Si haa-haa-haa ya adabu. Kilitoka tumboni, kikamkunja, kikamrusha nyuma ukutani, na kabla hajapata pumzi kikawashika na wengine. Wanawake waliangukiana. Mzee Lechipya alianguka kutoka kwenye kigoda akalala sakafuni akipigapiga udongo kwa kiganja, akisema, "Mama anapiga! Mama anapiga!" Walikuwa hawajawahi kuona jambo kama lile, na wengine walidhani wanakufa.

Kisha wakaona uso wa Mbeleje umelowa. Machozi yaliyokuwa yamezuiwa tangu mazishi yalikuwa yamepata mlango uliofunguliwa na kicheko, yakatoka nacho pamoja, na hakuna aliyeweza kusema kicheko kimeishia wapi na kilio kimeanzia wapi. Alicheka akilitaja jina la mwanawe, akalia akilitaja, mpaka sauti ikapotea na kubaki kilio peke yake, kile kirefu alichokuwa anadaiwa na kifo. Wanawake wakamshika. Waliokuwa wamecheka zaidi ndio waliolia zaidi.

Ni Chilongani peke yake ambaye hakucheka. Alisimama pale pale, mikono yake mirefu imening'inia. Alijua kwamba akifungua mdomo kwa kicheko, kitakachotoka hakitakuwa kicheko, naye alikuwa mtu wa Jembe, na udongo juu ya Ndalu ulikuwa bado mbichi. Akaufunga mdomo. "Pole, Mama Ndalu," akasema, na kwa kuwa jina lilikuwa limeshatajwa, aliruhusiwa kumwita hivyo.

Matanga yalivunjwa. Uwanja ukafagiwa. Mama Ndalu alikula siku ile bila kuambiwa, na Sechelela aliishi, akakua, akawa na watoto, na damu yake imo katika baadhi yenu mnaonisikiliza.

Lakini asubuhi iliyofuata Mama Ndalu alimsimamisha Chilongani akielekea mtoni na jembe begani.

"Mtani," akamwambia, "hebu nisimulie tena."

Chilongani akaweka jembe chini. Akasimulia yote, mvua, boma, matope, mgunga, mkuki. Hakuacha kitu. Alipofika kwenye neno la mwisho alilisema vilevile, kwa sauti ileile. Mama Ndalu alitabasamu, akasubiri kitu kitokee tumboni mwake, na hakikutokea.

"Jana alikuwa anakuja," akasema baada ya muda. "Nilimsikia anakuja. Leo ameshafika, na ameshaondoka."

"Najua," Chilongani akasema.

"Ulikuwa unajua tangu siku ile ya kwanza?"

"Nilijua, Mama Ndalu. Ndiyo maana nilichelewa."

Yule mama alirudi ndani kwa mtoto. Chilongani akaenda mtoni, akashuka shimoni, akachimba mpaka mchanga ukaanza kulowa miguuni pake, na watu wa juu walipomwita kwa jina wakimtaka atoe utani, hakuitika.

Na tangu siku hiyo neno la kuchekea likahamia mwisho wa mzaha, na halijarudi mbele tena. Tangu siku hiyo mtu akikudakia kabla hujalisema, unaona uchungu kana kwamba amekuibia. Na likishasemwa limesemwa, ukilirudia kesho kwa watu walewale watatabasamu kwa kukuonea huruma, na ukianza kulieleza ndiyo unalizika kabisa. Tangu siku hiyo mtu akicheka kupita kiasi macho hulowa, kwa sababu kicheko cha kwanza cha kweli kilitoka kikiwa kimeshikana mkono na kilio, na hawajaachana mpaka leo. Tangu siku hiyo watani hawakosi msibani, na mfiwa hujikaza awasikilize hata kama moyo wake hautaki.

Na mtaniaji wa kweli hacheki mzaha wake mwenyewe. Mtazameni siku moja. Wenzake wote wameanguka, wanafuta machozi, wanapigana mabega, naye amekaa kimya anatazama pembeni. Wajinga husema ana maringo. Hana maringo. Katika wote waliokaa pale, yeye peke yake ndiye aliyeujua mwisho tangu mwanzo.